Timu Isiyozeeka: Mean Machine na Viwanja vya Barabara ya Ngong
(Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia Woodley, mtaa ambao baraza la jiji liliwajengea Wazungu enzi za ukoloni. Mkaazi wa huko akiifuata Barabara ya Ngong haendi mbali kabla ya kukutana na raga: uwanja wa chama cha raga cha Afrika Mashariki (RFUEA), ambako Harlequin wana makao yao, kisha klabu ya Impala, nao Nondescripts wako Jamhuri. Uwanja huo wa RFUEA ndio ulioandaa mechi ya mwaka 1955 ambapo Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland, waliilaza Afrika Mashariki 39-12. Raga ya siku hizo ilikuwa ya walowezi na wana wao.

Aliyekuja kuwasumbua wenye viwanja hakutoka klabu nyingine. Alitoka bwenini. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliunda timu waliyoiita Mean Machine, na mwaka uo huo wakatwaa Kenya Cup, kombe la ligi kuu. Tusidhani ulikuwa muujiza. Baada ya uhuru, shule kama Lenana na Nairobi School, ambazo zamani zilikuwa za watoto wa Kizungu, zilifungua milango kwa Waafrika, na raga ikabaki humo humo. Vijana waliokuwa wakikabana koo kwenye mechi za shule walijikuta bweni moja, wanakula meza moja, na jioni wote wako huru kufanya mazoezi. Klabu ya watu wa maofisini ingeupata wapi muda huo?

Lakini wepesi huo una gharama yake. Mchezaji wa chuo hana mkataba, ana mtihani. Akishaelewana vizuri na wenzake, anavaa joho na kuondoka, na mkufunzi anaanza tena na wageni wa mwaka wa kwanza. Chuo kikifungwa, timu nayo hutawanyika. Na baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa kwa zaidi ya mwaka mzima. Ndiyo maana naona mataji ya Kenya Cup ambayo Mean Machine walitwaa tena mwaka 1989 na 1990 yana uzito zaidi kuliko lile la kwanza, ingawa mashabiki hupenda kulisimulia la 1977. Kuanzisha timu ukiwa na kizazi kilichoiva ni jambo moja. Kuirudisha kileleni wakati hakuna hata mmoja wa waanzilishi aliyebaki uwanjani ni jambo jingine.

Siku hizi kombe limehamia kwa wenye mishahara. Tangu 2016 hadi 2024 halikutoka mikononi mwa Kabras, timu ya kampuni ya sukari kule Kakamega, na KCB, timu ya benki. Mwanafunzi anayelipwa nauli, pengine na chakula, hawezi kushindana na mchezaji anayeahidiwa ajira. Wapo wanaohitimisha kwamba raga ya vyuo imekufa. Mimi sikubali, kwa sababu wanahesabu vikombe na kusahau watu. Mean Machine, Blak Blad wa Kenyatta na Leos wa Strathmore huwalea vijana ambao wengine huvuna. Humphrey Kayange, aliyekuwa nahodha wa Kenya ilipoingia nusu fainali ya Kombe la Dunia la raga ya wachezaji saba kule Dubai mwaka 2009, ni mhitimu wa kemia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Baadaye akawa mwanachama wa Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Klabu aliyovuma nayo ni Mwamba, na kabati la vikombe la chuo halina alama yoyote ya hayo.

Kuna swali ambalo raga haiwezi kulijibu. Nchi inayosifika duniani kote kwa mbio, mbona vyuo vyake havikuwa na jina katika riadha kama yalivyo majina haya katika raga? Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mwaka 1978 akiwa mwanafunzi, ila chuo chake kilikuwa Washington State, Marekani. Safari hiyo ya wanariadha kuvuka bahari kutafuta masomo ndiyo tutakayoifuata wiki ijayo.