Vichocheo na Kufunguka kwa Pete ya Epoksidi: Mfano wa Ganda la Korosho

Watahiniwa wengi hukariri kwamba kichocheo huongeza kasi ya mmenyuko bila chenyewe kutumika. Ni sahihi, lakini ukiulizwa kichocheo kinafanyaje kazi, maneno hayo hayatoshi. Tuchukue mfano mmoja tuufuate.

Epoksidi ni kampaundi yenye pete ya atomu tatu: kaboni mbili na oksijeni moja. Iliyo ndogo kuliko zote ni etilini oksidi, C₂H₄O. Kwa kawaida kaboni yenye bondi nne za moja moja hukaa na pembe ya karibu 109.5° baina ya bondi zake. Ndani ya pete hii pembe imebanwa hadi karibu 60°. Kwa hiyo pete ni kama upinde uliovutwa: imebeba nishati, na ikipata nafasi hufunguka.

Ikikutana na maji hutoa ethani-1,2-dioli, inayotiwa kwenye rejeta za magari:

C₂H₄O + H₂O → C₂H₆O₂

Katika maji matupu, kwenye joto la kawaida, mmenyuko huu huenda polepole. Weka asidi ya salfuriki kidogo, mambo yanabadilika. Ioni ya haidrojeni, H⁺, hujishikiza kwenye oksijeni ya pete. Oksijeni huvuta elektroni za bondi yake na kaboni, bondi inalegea, na molekuli ya maji huishambulia kaboni kwa upande wa nyuma. Pete imefunguka. Mwishoni H⁺ huachiliwa na kwenda kufanya kazi ileile kwingine. Alama zipo hapa: kichocheo kimeshiriki, kimefungua njia yenye nishati ndogo ya uamilishaji, kisha kimerudi kama kilivyokuwa. Usiandike kamwe kwamba "hakishiriki".

Sasa korosho. Aliyewahi kubangua kwa mkono Masasi au Newala anajua mafuta ya ganda yanavyobabua ngozi. Yana asidi ya anakadi, ambayo ikipashwa joto hupoteza kaboni dayoksaidi na kuwa kadanoli, yaani fenoli yenye mkia wa kaboni 15. Viwanda huiunganisha kadanoli na formaldehidi na amini kupata kigumishi cha rangi za epoksi zinazopakwa meli. Rangi hiyo huuzwa katika makopo mawili: moja lina resini yenye pete za epoksidi, la pili lina kigumishi. Ukichanganya, naitrojeni ya amini hufungua pete na minyororo hufungana. Wakati huohuo kundi la OH la fenoli huishika oksijeni ya pete kwa bondi ya haidrojeni na kuilegeza, kama H⁺ ila kwa upole. Ndiyo maana rangi hizi hukauka hata penye baridi na unyevu. (Korosho zetu nyingi husafirishwa ghafi, kwa hiyo ganda na mafuta yake huondoka nazo.)

Angalia mtego: amini si kichocheo, maana hutumika na kubaki ndani ya zao. Ni kitendanishi. Kinachochochea ni OH.

Swali: Gramu 44 za etilini oksidi zimemenyuka zote na gramu 18 za maji kwa kufuata mlinganyo wa hapo juu. (C = 12, H = 1, O = 16.) Asidi ikiongezwa maradufu, tungo la dioli litabadilikaje?

Jibu: Halibadiliki, ni gramu 62 vilevile. Asidi haimo katika mlinganyo. Kinachopungua ni muda wa kuzipata.