Mpaka wa Msitu na Shamba Lako

Mkulima wa Kapsoit, pengine wafikiri kwamba mambo ya wanyama wa mwituni ni kazi ya askari wa wanyama tu. Basi sikiliza habari za bongo. Mnyama huyu amepata kukaa katika msitu wa Mau Kusini Magharibi. Rangi yake ni nyekundu kama udongo wetu, ana mistari myeupe ubavuni, na dume na jike wote wana pembe. Bongo wa milimani waliobaki mwituni hawafiki 100, na wote wako Kenya. Kumwinda ni kosa kubwa. Lakini yafaa nini kumlinda mnyama, ikiwa kichaka anamolala chaweza kuondolewa kwa kalamu?

Zamani ndivyo ilivyowezekana. Waziri alitoa tangazo katika Gazeti la Serikali, siku 28 zikapita, na msitu ukaacha kuwa msitu. Mwezi wa Oktoba 2001 Mau Kusini Magharibi ilikatwa hivyo karibu hektari 22,800. Wengine waligawiwa mashamba, wengine wakanunua, na wengine wakajikatia wenyewe ng'ambo ya mpaka. Mwisho wa mwaka 2009 Serikali ilianza kuwatoa watu msituni, na jamaa nyingi zikakaa kambini na watoto wao.

Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 imebadili jambo hili. Sasa anayetaka mpaka usogezwe hupeleka ombi Bungeni, na lazima aonyeshe kwamba hatahatarisha wanyama au mimea iliyo adimu, wala chemchemi za maji. Idara ya Misitu nayo hulipima ombi hilo. Mwaka 2021 uliletwa muswada wa kuiondoa Idara katika kazi hiyo. Haukupita, ila waweza kuletwa mwingine.

Wewe mwenye chai yakuhusu sana. Udongo wa msituni hunywa mvua, kisha huitoa polepole, na kwa hiyo mito ya Itare na Kiptiget haikauki upesi wakati wa jua. Miti ikiondoka, maji hushuka kwa siku moja na kuchukua udongo.

Tena, ukiuziwa shamba karibu na msitu kwa bei rahisi, usitoe pesa kwanza. Nenda ofisi ya ardhi uombe daftari lipekuliwe, kisha mwulize Bwana Misitu akuonyeshe mpaka katika ramani. Karatasi ya muuzaji peke yake haitoshi.