Mgeni Aliyepewa Jembe

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno haya twayakumbuka kila tupitapo njia ya vumbi iendayo kwenye shule ya sekondari ya kijiji chetu, upande wa Kondoa, katika uwanda wa juu wa Tanzania. Shuleni hapo alipata kukaa mgeni aliyepewa jembe, akalima kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, kisha akaondoka ghafula kabla ya mavuno. Jembe lake lilikuwa chaki, na shamba lake lilikuwa lugha ya Kiingereza. Jina lake hatutalitaja, wala la shule, kwa kuwa yeye mwenyewe hakupenda kusifiwa. Watoto walimwita Madamu, nasi tutamwita hivyo hivyo.

Twasimulia habari zake kwa sababu tulijifunza kwake jambo ambalo hatukulitazamia, na ambalo lazihusu nyumba zetu kuliko linavyouhusu Uzungu wake.

WAGENI WALIOMTANGULIA

Walimu wa kigeni si jambo jipya katika nchi yetu ya kati. Mwaka 1948 ilifunguliwa shule kule Kongwa, katika zile siku za mradi mkubwa wa karanga, nayo ilikuwa na walimu kutoka ng'ambo. Lakini ilikuwa ya watoto wa Kizungu tu, hata ilipofungwa mwaka 1958. Mtoto wa Kigogo aliyechunga mbuzi karibu na uwanja wake hakuwa na kiti humo. Dodoma mjini ilikuwako Alliance, iliyoendeshwa na madhehebu ya Kikristo, ambayo baadaye ikaitwa Mazengo kwa jina la yule mtemi mashuhuri wa Wagogo. Leo mahali hapo pana chuo kikuu.

Mwaka 1961 ulianza mpango wa kuleta walimu Wamarekani na Waingereza katika shule za sekondari za Afrika ya Mashariki, na wengi wao walipitia Makerere kwanza kujifunza kazi. Vijana wa shirika la Peace Corps la Marekani nao walifika katika miaka hiyo, wakaondoka nchini mwaka 1969, wakarudi mwaka 1979. Wajapani wa kujitolea walianza kuja mwaka 1967, na miongoni mwao wamekuwako walimu wa hisabati na sayansi. Kwa hiyo Madamu, alipoteremka katika basi mwaka 2018 akiwa na begi moja mgongoni, alikuwa akifuata nyayo za wengi.

SIKU YAKE TANGU ALFAJIRI

Nyumba aliyopewa ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya shule, si mbali na msikiti. Adhana ya alfajiri ndiyo iliyokuwa saa yake. Jua likichomoza, alikuwa amekwisha kupanga foleni bombani pamoja na akina mama, akiwa na ndoo yake ya lita 20. Siku za mwanzo alimwaga nusu njiani, na watoto wakacheka. Baada ya miezi mitatu aliitua nyumbani ikiwa karibu imejaa.

Saa moja na nusu alikuwa katika paredi pamoja na walimu wenzake. Kisha aliingia darasani mbele ya watoto zaidi ya 60, watatu au wanne wakitazama kitabu kimoja. Mchana alikula ugali wa uwele kwa mlenda, akamwambia mpishi kwamba mlenda ulimshinda siku ya kwanza, na siku ya kumi akaomba kuongezewa. Jioni alisahihisha madaftari, na kila nyumba aliyopita alisimama kusalimu. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?" Alikuwa akijibu kila swali, na kwa hiyo mwendo wa dakika kumi ulimchukua saa nzima.

LUGHA ILIYO CHOMBO

Sasa yafaa tueleze kwa nini kazi yake ilikuwa nzito. Huko Japani nako, tangu mwaka 1987, kuna mpango wa kuwaita vijana wa kigeni kusaidia kufundisha Kiingereza katika shule za miji na mashamba. Lakini kule mgeni husimama kando ya mwalimu Mjapani, na Kiingereza ni somo moja tu miongoni mwa masomo. Kengele ikilia, mtoto hurejea katika hisabati na historia kwa lugha ya mama yake. Asipokifahamu Kiingereza, amepoteza somo moja.

Kwetu sivyo. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za Serikali zafundisha kwa Kiswahili, na hilo ni jema. Lakini mtoto akiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote hugeuka kuwa ya Kiingereza: jiografia, biolojia, fizikia, hisabati. Kwa hiyo Kiingereza kwake si somo tu; ni chombo alichopakiwa masomo mengine yote. Chombo kikizama, shehena yote huzama nacho. Tume iliyoongozwa na Mheshimiwa Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zifundishe kwa Kiswahili, wala pendekezo hilo halikutekelezwa. Wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, walipochunguza jambo hili mwaka 1984, walikuta kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kujifunzia masomo mengine. Kisha zikaja shule za kata. Katika miaka mitano tu, tangu 2004 hata 2009, shule za sekondari nchini zilipanda kutoka zaidi kidogo ya 1,200 zikapita 4,000. Milango ikafunguliwa kwa watoto wa wakulima, nasi twamshukuru Mola. Lakini wengi waliingia mlangoni wakawa mabubu.

Mmoja wao alikuwa binti wa ndugu yetu, aliyekaa kwetu ili awe karibu na shule. Katika shule ya msingi alikuwa hodari wa maneno, hata bibi yake akimwita kasuku. Alipoanza kidato cha kwanza, Januari 2019, alinyamaza. Jioni alirudi na madaftari yaliyojaa mwandiko mzuri, alioutoa ubaoni herufi kwa herufi. Tulipomuuliza maana yake, aliinamisha kichwa. Darasani mwalimu akiuliza kama wamefahamu, wote hujibu kwa sauti moja kwamba wamefahamu, na hakuna aliyefahamu. Mtoto huyu hakupungukiwa akili. Alipungukiwa ulimi wa kuidhihirisha.

KOSA LISILO NA HAYA

Madamu alilivunja vipi ukimya huo? Hapana shaka wengi watadhani ni kwa Kiingereza chake kizuri. La. Alilivunja kwa Kiswahili chake kibaya.

Alikuwa akisema "kitabu yangu" na "watu mbili", na darasa zima likiangua kicheko. Badala ya kukasirika, aliwaambia: "Nisahihisheni." Mtoto mmoja akasimama kumsahihisha, naye akaandika ubaoni, akarudia mara tatu, akashukuru. Kesho yake akakosea tena, wakamsahihisha tena. Kisha akawaambia kwamba kama yeye, mtu mzima mwenye shahada, anakosea kila siku katika lugha yao wala hafi, wao nao wanaweza kukosea katika lugha yake wala wasife.

Tangu hapo madaftari yakaanza kusema. Binti yetu aliandika habari za mama yake kwa neno linalotumika kwa mwanamume. Madamu hakumkemea, bali aliuliza sababu, akaelezwa kwamba Kiswahili husema "yeye" kwa wote wawili. Siku nyingine aliuliza shule huanza saa ngapi. Watoto wakamjibu kwa Kiingereza kwamba ni saa moja na nusu, kama tuhesabuvyo sisi tangu kuchomoza kwa jua, na kumbe Mzungu huhesabu tangu usiku wa manane, na kwake hiyo ni saa saba na nusu. Alichora saa mbili ubaoni, ya kwao na ya kwake, akasema zote mbili ni sahihi, ila lazima mtu ajue yuko katika saa ipi. Neno hili tumelifikiri sana baadaye.

KHOFU YA WAZEE

Hatutaficha kwamba wapo wazee waliokuwa na khofu. Hawakuwa wajinga. Kwa miaka mingi, kabla Serikali haijazitaifisha shule mwishoni mwa miaka ya 1960, shule nyingi zilikuwa za misheni, na wazazi wa Kiislamu waliogopa kupeleka mtoto akarudi na dini nyingine. Kumbukumbu hiyo haifutiki upesi.

Mzee mmoja alimwuliza maalim wa chuo cha Qur'ani waziwazi: "Maalim, huyu hatatugeuzia watoto?"

Maalim akamjibu: "Babu, mimi nimemwangalia. Amefika hapa kuniuliza mimi, kabla ya kuwauliza watoto, kama yafaa wakae naye alasiri kusoma, na ni saa ngapi wanahitajiwa chuoni. Mwenye kuingia kwa mlango humkaribisha mlangoni."

Kisha maalim akatukumbusha mambo mawili. Yasimuliwa kwamba baada ya vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, mateka wa Makka wasiokuwa na fidia walipewa nafasi ya kujikomboa kwa kufundisha watoto wa Madina kuandika, kila mmoja watoto kumi. Hawakuwa Waislamu, tena walikuwa maadui, lakini elimu yao ilipokewa. Na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimwamuru Zaid bin Thabit kujifunza maandishi ya Mayahudi, naye akayapata kwa muda wa nusu mwezi hivi. Lugha ya kigeni, alisema maalim, ni mlango. Lililo muhimu ni nani anayeshika ufunguo wa nyumba.

Ulipofika mwezi wa Ramadhani, Mei 2019, Madamu hakunywa maji mbele ya wanafunzi wake hata siku moja, ingawa jua la uwanda wetu halina huruma. Hakuna aliyemwomba. Tulimwalika kufuturu. Alikuja amejitanda mtandio, akaketi mkekani pamoja na wanawake, akanywa uji wa uwele, na akauliza jina la kila kilichokuwa sahanini. Yule mzee mwenye khofu ndiye aliyemsogezea tende.

MACHI YA MWAKA 2020

Alasiri baada ya vipindi, kundi dogo lilikuwa likikutana chini ya mkwaju kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Kila mmoja alisoma sentensi moja na kuuliza swali moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria: hakuna kuondoka bila kuuliza. Binti yetu aliingia kundini, na mwanzoni mwa kidato cha pili kasuku wa bibi yake alikuwa amerudi, safari hii kwa lugha mbili.

Ndipo likaja janga la korona. Katikati ya Machi 2020 shirika la Peace Corps liliwaita nyumbani watu wake wote duniani, karibu 7,000, na mashirika mengine nayo yakawaondoa wengi wa wageni wao. Tarehe 17 Machi Serikali yetu ikatangaza kufungwa kwa shule. Madamu alipewa muda mfupi kufunga begi lake. Alipita nyumba tatu tu kuaga. Watoto wengi walisikia habari zake alipokuwa amekwisha kufika Dodoma.

Binti yetu hakulia mbele yetu. Alisema tu: "Ameondoka hajamaliza kitabu."

Shule zilifunguliwa tena tarehe 29 Juni. Hapa ndipo tunapotaka msomaji atusikilize. Katika kundi la mkwajuni alikuwako mvulana aliyewapita wote kwa wepesi wa ulimi. Huyo hakurudi shuleni. Katika majuma yale ya kukaa bure nyumbani kwao walimpa kazi, kazi ikazaa kazi, na leo anauza bidhaa mjini. Binti yetu hakuwa mwepesi kama yeye, lakini kila alasiri bibi yake, asiyejua neno moja la Kiingereza, alimwita barazani na kumwambia: "Nisomee ukurasa wako." Akimaliza, bibi humuuliza: "Umesema nini hapo?" Naye humweleza kwa Kiswahili, na mara nyingine kwa Kirangi. Ndiyo sheria ya Madamu, ila mwalimu alikuwa bibi. Mwezi Novemba alifaulu mtihani wa kidato cha pili. Hakuwa wa kwanza, lakini alifaulu.

Watoto hao wawili walikuwa na mwalimu mmoja, kitabu kimoja na mti mmoja. Walichotofautiana ni baraza ya nyumbani.

NASAHA YETU

Enyi wazazi, mwalimu mgeni ni neema, lakini ni mgeni. Leo yupo, kesho ameitwa kwao. Asilaumiwe kwa kuondoka, wala asingojewe kama kwamba bila yeye hapana elimu. Walimu wetu wenyewe, wanaobaki mwaka baada ya mwaka na madarasa yaliyofurika, ndio nguzo, nao wastahiki heshima ile ile tuliyompa Madamu, na kualikwa futari vile vile.

Msiseme, "Sisi hatukusoma, tutawasaidia nini?" Bibi yule hakusoma. Aliketi akasikiliza, akauliza maana. Hilo halihitaji shahada.

Nanyi vijana, msidhani kwamba Kiingereza ndicho akili. Ni saa ya watu wengine, nayo ni sahihi, kama ilivyo sahihi saa yetu. Jifunzeni kuzisoma zote mbili, wala msione haya kukosea. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuitikia kwa sauti moja kwamba tumefahamu, na hali hatukufahamu.

Mkwaju ungali pale. Binti yetu alipomaliza kidato cha nne, kila akija likizo huketi chini yake na wadogo zake, na kitabu kile kile ambacho hakikumalizwa. Walikwisha kukimaliza zamani. Sasa wamekianza tena tangu ukurasa wa kwanza.