Jina la Faili na Sauti Iliyomo Ndani

Katika maabara ya shule, chupa ya asidi ikibandikwa karatasi iliyoandikwa "maji", asidi hiyo haigeuki kuwa maji. Mwalimu mwangalifu haamini kibandiko peke yake. Huchovya karatasi ya buluu ya litmasi, akaiona ikigeuka nyekundu, ndipo akasema kilichomo. Kanuni hiyo yamfaa pia kila mtu ahifadhiye sauti katika kompyuta, kwani mafaili mengi yadhaniwayo kuwa yameharibika hayana kasoro yoyote ila kubandikwa jina lisilo lao. Yako pia mafaili yenye jina zuri ambayo ndani hayana sauti hata kidogo.

Sauti Yageuzwa Namba

CD za muziki zilianza kuuzwa mwaka 1982. Katika CD, sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, kwa upande wa kushoto na wa kulia. Hivyo sekunde moja huhitaji biti 1,411,200, yaani baiti 176,400. Muziki wa saa moja hufikia baiti 635,040,000.

Namba hizo zaweza kuhamishiwa katika kompyuta kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuziandika zote kama zilivyo, katika faili la WAV, muundo uliotolewa mwaka 1991. Ya pili ni kuzibana bila kupoteza hata moja, kama ufanyavyo muundo wa FLAC, ambao toleo lake kamili la kwanza lilitoka mwaka 2001. Faili la FLAC mara nyingi huwa karibu nusu au theluthi mbili ya ukubwa wa awali, na likifunguliwa hurudisha namba zile zile. Ya tatu ni kuzipunguza, kama katika MP3, kwa kutupa sehemu za sauti ambazo sikio halizitambui kwa urahisi. Kilichotupwa hakirudi.

Kazi ya Kiendelezi

Mwishoni mwa jina la faili huwapo nukta na herufi chache, mathalani .wav, .flac au .mp3. Herufi hizo huitwa kiendelezi. Kompyuta nyingi hutumia kiendelezi kuchagua programu ya kufungulia faili, nacho si sehemu ya sauti. Mtu aandikapo .mp3 mahali pa .flac amebadilisha kibandiko tu, chupa ni ile ile. Programu ifuatayo jina huenda ikakataa kulicheza faili hilo, na mwenyewe akalifuta akidhani limekufa.

Jambo hili huzidi kutatiza pale kompyuta inapoficha viendelezi, kama ifanyavyo Windows isipoelekezwa vingine. Mtumiaji huona "wimbo.flac", kumbe jina kamili ni "wimbo.flac.mp3". Hatua ya kwanza, basi, ni kuiagiza kompyuta ionyeshe viendelezi vyote.

Litmasi ya Faili

Miundo mingi hujitambulisha kwa baiti zake za mwanzo. Faili la FLAC huanza kwa herufi fLaC, yaani namba 102, 76, 97 na 67. Faili la WAV huanza kwa RIFF, na neno WAVE hufuata baada ya baiti nne za ukubwa. Faili la .m4a huwa na herufi ftyp kuanzia baiti ya 5. Mafaili mengi ya MP3 huanza kwa ID3, ingawa alama hiyo peke yake haitoshi kuwa ushahidi, kwani programu nyingine huitanguliza hata mbele ya FLAC.

Baiti zikionyesha kuwa muundo ni FLAC na jina ni .mp3, tiba ni kurekebisha jina. Lakini jina likiwa sahihi, na chombo cha kuchezea hakiufahamu muundo huo, kubadili jina hakusaidii. Hapo hapana budi kutumia programu ya kugeuza muundo wenyewe, kwa mfano kutoka FLAC kwenda WAV, ambako hakuna kinachopotea. Kugeuza MP3 kuwa FLAC kwawezekana pia, ila hukuza faili bila kurudisha sauti iliyotupwa.

Kiendelezi .m4a chataka uangalifu zaidi. Chaweza kubeba sauti ya ALAC, isiyopoteza kitu, au ya AAC, iliyopunguzwa. Jina halitofautishi hizo mbili; ni lazima kusoma maelezo ya faili kwa programu.

Hatari Kubwa Kuliko Zote

CD ya muziki ikifunguliwa katika Windows, huonekana mafaili yenye kiendelezi .cda. Kila moja lina baiti 44 tu, nayo huonyesha mahali wimbo ulipo katika CD. Sauti yenyewe haimo. Mtu akinakili kumi na mawili kati ya hayo, amehifadhi baiti 528, na akiigawa au kuitupa CD, muziki wote umekwenda. Kwa shule yenye masimulizi ya wazee katika CD moja pekee, hasara hiyo haina fidia. Yampasa mtunzaji kutumia programu ya kusoma sauti yenyewe kutoka katika CD.

Jaribio la Darasani

Wanafunzi wachukue nakala ya faili la FLAC, kamwe si faili la asili. Waandike idadi ya baiti zake, wabadili kiendelezi kuwa .mp3, kisha wahesabu tena. Idadi haitabadilika. Walifungue kwa programu ionyeshayo baiti, nao wataziona herufi fLaC. Hatimaye walirudishie jina lake na kulisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kipimo hicho cha mwisho kifanyike kwa kila faili kabla CD iliyolizaa haijaondoka mkononi.