Chake Chake: mji uliokuzwa na karafuu

Mtu wa Wambaa ana miji miwili ya kuiendea. Mkoani huenda kupanda meli, na Chake Chake huenda kwa ajili ya soko, benki na mahitaji ya nyumbani. Ni wachache kati yetu wanaojiuliza ni kitu gani kilichoufanya mji huo kuwa kitovu cha biashara cha kisiwa chetu.

Chake Chake imekaa mwishoni mwa hori lililozungukwa na mikoko. Ngome yake kongwe, ambayo sehemu yake sasa ni makumbusho, ni ushahidi wa umri wake. Lakini jambo lililoigeuza Pemba nzima lilitokea Unguja. Mwaka 1872 kimbunga kikali kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya huko, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo kisiwa chetu kikashika uongozi wa zao hilo, nayo miji yake ikapata riziki kutokana nalo.

Hori lina maji machache, na leo vyombo vikubwa hutia nanga Mkoani na Wete. Hata hivyo soko halikuhama. Barabara zinakutana Chake Chake, na uwanja wa ndege uko nje kidogo tu ya mji. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, maduka hujaa. Ukiwa mbaya, muuza vitambaa naye huhisi.

Mali hiyo yote huanzia kwenye majamvi yetu. Mchumaji hulipwa kwa pishi, kina mama na vijana huchambua makonyo, kisha karafuu huanikwa juani hadi zikauke sawasawa ndipo zipelekwe kwenye kituo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar (ZSTC). Hapo ndipo unapokuja mtihani. Karafuu mbichi ni nzito, na makonyo yaliyofichwa ndani ya gunia nayo yana uzito wake.

Mtume (rehema na amani zimshukie) alipita sokoni, akaingiza mkono katika fungu la chakula, akakuta unyevu chini yake. Mwenye mali alidai kuwa kilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakione, kisha akaonya kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Na Qur'ani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo.

Wazazi, watoto wetu hukaa nasi kwenye majamvi hayo. Wakituona tukirudisha juani gunia ambalo halijakauka, ijapokuwa ada ya skuli inangojewa, wamepata somo la biashara lisilofundishwa darasani. Wakituona tukilifunga hivyo hivyo, nalo pia ni somo. Soko la Chake Chake la kesho litakuwa mikononi mwao. Tuwaachie mizani iliyo sawa, na Allah atie baraka katika kidogo chetu. Amin.