Picha Itapendwa na Wangapi?

Hapana asiyejua kwamba siku hizi watu wengi huweka picha na maneno yao katika mitandao ya kijamii kama Facebook, Instagram na TikTok, kisha hukaa wakitazama ni wangapi waliopendezwa. Hapa kwetu Karatu jambo hili si mchezo wa vijana tu. Mji wetu ni mji mkubwa wa mwisho kabla ya kufika lango la Loduare, liingialo Ngorongoro, na watu wengi hupata riziki yao kwa wageni: waongozaji, madereva, wapishi wa kambi, wenye hoteli, wauza kahawa na wauza vinyago. Siku hizi mgeni aweza kuiona kreta katika simu miezi mingi kabla ya kuiona kwa macho yake. Kwa hiyo ajuaye kuhesabu mwitiko wa watu hupata faida, na asiyejua aweza kupoteza mali. Nataka kueleza kwa kifupi namna hesabu hiyo ifanywavyo, namna ya kukisia ya mbele, na mahali ambapo makisio hukoma.

Sisi tulalao bwenini haturuhusiwi simu shuleni. Haya nitakayoeleza niliyafanya nyumbani wakati wa likizo kwa daftari na kalamu, nikitumia ukurasa wa kaka yangu ambaye ni mwongozaji wa wageni. Namba zake nimezikata kidogo ili hesabu iwe nyepesi kwa msomaji.

KINACHOHESABIWA

Mtu apigaye hodi hujibiwa kwa namna nyingi. Wa kwanza husikia akanyamaza. Wa pili huitikia “Karibu” huku akiendelea na kazi yake. Wa tatu hutoka, akatoa kiti, wakazungumza. Wa nne huenda kuwaita majirani waje kumsikiliza mgeni. Ndivyo ilivyo katika mitandao. Kuna aonaye picha akapita. Kuna abonyezaye alama ya kupenda. Kuna aandikaye maoni au kuuliza swali. Na kuna aisambazaye kwa rafiki zake. Wote hawa huhesabiwa na mashine, lakini uzito wao si sawa. Alama ya kupenda, ambayo Facebook iliiweka mwezi wa Februari 2009, huhitaji kubonyeza mara moja tu, na mtu aweza kupenda picha mia moja akiwa ndani ya basi kutoka Arusha asikumbuke hata moja. Lakini aandikaye, “Bei ya siku mbili ni kiasi gani?” huyo amekwisha kuingia uani.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: kabla ya kuhesabu, amua unahesabu kwa ajili gani. Atakaye kujulikana na ahesabu walioona na waliosambaza. Atakaye kuuza na ahesabu waliouliza na walionunua.

KUGAWANYA

Kanuni ya pili ni kwamba hesabu ya waliopenda haina maana mpaka igawanywe kwa hesabu ya walioona. Tuseme picha ya simba imepata wapenzi 400, na picha ya jua likichomoza juu ya ukingo wa kreta imepata 90. Harakaharaka tutasema simba ameshinda. Lakini kama ya simba ilionwa na watu 20,000, wapenzi wake ni 2 katika kila 100; na kama ya jua ilionwa na watu 1,500, wapenzi wake ni 6 katika kila 100. Simba alipelekwa mbali zaidi, lakini jua liliwagusa zaidi waliolitazama.

Katika kugawanya hata wakubwa huteleza. Mwezi wa Septemba 2016 kampuni ya Facebook yenyewe ilikiri kwamba kwa muda wa miaka miwili iliwaonyesha watangazaji wastani mkubwa mno wa muda ambao watu hutazama video. Sababu yake ni ya darasani kabisa: katika mgawanyo waliachwa nje watu wote walioondoka kabla ya sekunde 3. Tufanye mfano. Watu 100 wameanza kutazama video. 60 wameondoka mara moja. 40 waliobaki wametazama jumla ya sekunde 400. Ukigawanya kwa 40 utapata sekunde 10. Ukigawanya kwa watu wote 100 utapata sekunde 4 tu na zaidi kidogo. Video ni ile ile, watu ni wale wale, lakini alipaye tangazo kwa kutumaini sekunde 10 amedanganyika.

KUPIMA KWA KIPIMO KIMOJA

Kanuni ya tatu twaweza kujifunza kwa jirani zetu wa Ngorongoro. Wanyama wa kreta wamekuwa wakihesabiwa tangu miaka ya 1960. Sakafu ya kreta, ambayo ni yapata kilometa za mraba 250, hugawanywa katika vitalu, na wahesabuji huhesabu kitalu baada ya kitalu. Tena majira ya mvua huwekwa mbali na ya kiangazi, kwa kuwa wanyama wengine huhama. Mtu akilinganisha nyumbu wa Machi na nyumbu wa Septemba, kisha akatangaza kwamba wanapungua, atacheka kila mhifadhi.

Vivyo hivyo picha iliyowekwa jana haiwezi kulinganishwa na ya mwezi uliopita. Mimi niliandika hesabu ya kila picha mara tatu: baada ya saa moja, baada ya siku moja na baada ya siku saba. Pia niliandika saa ya kuwekwa. Saa mbili usiku hapa Karatu, watu wetu wamemaliza kula na wameshika simu. Na katika New York, wakati wa majira yao ya joto, ni saa saba mchana. Lakini saa mbili asubuhi yetu huko ni saa saba ya usiku wa manane, na wengi wamelala. Na majira nayo yaandikwe, kwa maana mnamo Februari, nyumbu wanapozaa katika mbuga za Ndutu, picha za ndama hutafutwa sana.

KUKISIA

Sasa tuje kwenye kubashiri. Neno hili lisimkumbushe mtu mganga na kibuyu chake. Ni kuchukua yaliyopita na kuuliza yajayo yaelekea kuwa kiasi gani.

Picha kumi za mwisho za kaka yangu, kila moja baada ya siku saba, zilipata wapenzi hivi: 40, 45, 50, 55, 60, 60, 65, 70, 75 na 980. Jumla ni 1,500, na wastani ni 150. Je, picha ya kumi na moja itapata 150? Tazameni tena: picha tisa katika kumi hazikufika hata 80. Wastani umevutwa na ile moja, kama vile tajiri mmoja akihamia kijijini wastani wa ng'ombe wa kijiji hupanda, na maskini hajapata hata ndama. Hapo yafaa kutumia namba ya katikati, ambayo ni 60. Makisio mema yangekuwa, “Yaelekea itapata kati ya 40 na 75.” Nasema kati ya hii na hii makusudi, maana akisiaye kwa namba moja tu amejifungia mlango.

Picha ikiisha kuwekwa, makisio yaweza kurekebishwa. Niliona kwamba picha ya kawaida ya kaka hupata wapenzi 12 katika saa ya kwanza na 60 kwa juma, yaani mara tano. Basi picha mpya ikipata 18 katika saa ya kwanza, twaweza kutazamia yapata 90. Njia hii si yangu. Wataalamu wawili, Gabor Szabo na Bernardo Huberman, waliieleza kwa kina mwaka 2010. Walionyesha kwamba kwa habari zilizowekwa katika tovuti ya Digg, saa mbili za mwanzo zilitosha kukisia hesabu ya siku ya 30; lakini video za YouTube ilibidi kuzifuata siku 10 ili kupata usahihi ule ule. Habari ni kama mchicha, hunyauka jioni. Video ni kama mbaazi za ghalani, watu huzirudia siku nyingi.

MAKISIO YANAPOKOMA

Hata hivyo yako mambo ambayo daftari haliyaoni. Mwezi wa Januari 2019 picha ya yai moja la kuku iliwekwa katika Instagram, ikapata wapenzi zaidi ya milioni 50 na kuvunja rekodi ya dunia. Si yai la ajabu, ni yai kama ya jikoni kwetu.

Wataalamu Matthew Salganik, Peter Dodds na Duncan Watts walitoa mwaka 2006 majaribio yenye kufundisha sana. Wasikilizaji zaidi ya 14,000 walipewa nyimbo 48 zisizojulikana. Wengine walichagua bila kujua chaguo la wenzao. Wengine waligawanywa katika makundi manane, na kila mtu aliona wenzake wa kundi lake wamechukua nyimbo zipi. Ikaonekana kwamba walipoonana, nyimbo zilizopendwa zilipendwa zaidi mno, lakini wimbo ulioshinda kundi hili haukuwa lazima ushinde kundi lile. Nyimbo bora sana hazikushindwa kabisa mara nyingi, na mbaya sana hazikushinda mara nyingi, bali hizo za katikati ziliweza kwenda popote. Hivyo mwanzo mdogo, wa bahati, huwavuta wengine. Nasi wa Ngorongoro twakumbuka simba wa kreta: mwaka 1962 nzi waumao waliongezeka ghafula, wakasababisha vifo vya simba wengi sana. Hesabu za simba za miaka ya nyuma zisingalitabiri nzi.

NG'OMBE WAWILI WA BABA

Ile picha ya wapenzi 980 karibu itugharimu. Kaka aliona mlango umefunguka, akamwomba baba auze ng'ombe wawili ili alipe matangazo ya miezi sita. Tena mtu mmoja alimwahidi kumwuzia wafuasi 10,000 kwa siku moja. Baba, asiyetumia simu ya namna hiyo, aliuliza swali moja tu: “Hao mia tisa na themanini, mwanangu, ni akina nani?”

Tukakaa na daftari usiku mbili. Tukagundua kwamba picha hiyo ilikuwa imesambazwa na ukurasa mkubwa wa picha za wanyama, na katika watu wote hao waliouliza habari za safari walikuwa 3. Tukatazama tena zile picha za kawaida. Ile ya gari lake, mkeka umetandikwa kando na chakula cha mchana, na bei imeandikwa chini, ilikuwa na wapenzi 60 tu. Waliouliza walikuwa 11, na wawili kati yao walikuja kweli. Kuhusu wafuasi wa kununua, nilimwonyesha kaka kwa kugawanya: wapenzi 60 katika wafuasi 1,000 ni 6 kwa 100, ukiongeza majina 10,000 yasiyo na watu, haifiki hata 1 kwa 100, na mashine za mitandao, ambazo hupeleka mbele kile kinachoitikiwa, zaweza kumwona mtu asiyesikilizwa. Ng'ombe hawakuuzwa. Kaka alitoa fedha kidogo kujaribu tangazo la juma moja, kwa picha ya aina ile iliyoleta maswali, na sasa huandika hesabu zake mwenyewe.

Limebaki jambo moja. Hesabu hizi huweza kumtawala anayezitazama. Dereva akitamani wapenzi wengi aweza kuacha njia ndani ya kreta ili amkaribie faru, jambo lililokatazwa, au kupiga picha watoto wa wafugaji bila kuwaomba wazazi ruhusa. Na wenzangu wengi hurudi likizo wakahuzunika kwa sababu picha yao imepata wapenzi wachache kuliko ya jirani. Hao wakumbuke yale makundi manane: wimbo ule ule ulikuwa wa mbele huku na wa nyuma kule. Instagram yenyewe tangu mwaka 2021 humruhusu kila mtu kuficha hesabu hiyo akitaka.

Basi mwenye ndugu afanyaye biashara kwa simu, likizo hii na achukue daftari, apige mistari mitano: siku na saa ya kuweka, walioona, waliopenda, waliouliza, walionunua. Ajaze picha ishirini kabla ya mtu yeyote nyumbani kutoa fedha. Hesabu yenyewe ni ya kidato cha pili.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne