Programu ya bure iliyowakumbuka mayatima wa Rakai

KWA miaka mingi, mtu anayefungua programu ya Vim katika kompyuta yake amekuwa akilakiwa na ujumbe mfupi unaomwomba awasaidie watoto maskini wa Uganda. Wengi huupuuza na kuendelea na shughuli zao. Wachache hujiuliza: je, watoto wa Uganda wana uhusiano gani na chombo cha kazi cha wataalamu wa kompyuta kote ulimwenguni?

Jibu limo katika maisha ya mtu mmoja, Bram Moolenaar, raia wa Uholanzi aliyeaga dunia Agosti 3, 2023 akiwa na umri wa miaka 62.

Yafaa kwanza tukieleze chombo chenyewe. Mwundaji wa programu za kompyuta ni mwandishi pia. Kutwa kucha huandika maagizo, akayafuta, akayahamisha na kuyasahihisha. Kwa hivyo, kama alivyo mhariri wa gazeti, anahitaji programu ya kuandikia na kuhariria.

Mnamo 1976, Bill Joy, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliunda programu ya aina hiyo aliyoiita vi. Enzi hizo watumiaji wa kawaida hawakuwa na kipanya, na nyaya za simu zilizounganisha kompyuta zilipitisha herufi kwa mwendo wa kobe. Ilibidi basi kila herufi inayobonyezwa ifanye kazi kubwa.

Ndiyo maana katika vi herufi huwa ni amri kabla ya kuwa maandishi. Herufi d hufuta, nayo w huwakilisha neno. Ukibonyeza dw, neno moja hufutika. Ukibonyeza d3w, hufutika matatu. Huo ni mfano wa sarufi: kuna kitenzi, kuna idadi na kuna yambwa. Alama ya nukta nayo hurudia amri iliyotangulia. Anayetaka kuandika hubonyeza kwanza herufi i, kisha akimaliza hurejea katika hali ya kutoa amri.

Mgeni hutatizika sana. Hata kuna utani wa siku nyingi kwamba anayeingia humo mara ya kwanza hajui pa kutokea. Hata hivyo, aliyekwisha kuizoea hufanya kazi yake bila kuinua vidole kutoka kwenye kibodi.

Moolenaar alihitimu uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft mwaka wa 1985, kisha akajiunga na kazi ya kubuni teknolojia ya mashine za kunakili. Nje ya kazi hiyo alikuwa na kompyuta yake aina ya Amiga, na alitamani kutumia vi ndani yake. Mnamo 1988 aliichukua programu nyingine iliyoiga vi, kwa jina Stevie, akaanza kuirekebisha kwa mahitaji yake mwenyewe. Mwaka wa 1991 aliitoa kwa umma bila malipo. Jina Vim lilimaanisha mwigo wa vi; baadaye, sifa zake zilipozidi za ile ya awali, likapewa maana ya vi iliyoboreshwa.

Safari iliyobadilisha mkondo wa mambo ilikuja mwaka wa 1994. Moolenaar alijitolea kufanya kazi kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale, akishughulikia maji na usafi wa mazingira. Kibaale hii si ile wilaya ya magharibi mwa Uganda, bali ni mji mdogo katika wilaya ya Rakai, kusini mwa nchi hiyo, karibu na mpaka wa Tanzania. Ni katika wilaya ya Rakai, kwenye kijiji cha wavuvi cha Kasensero kando ya Ziwa Victoria, ambako visa vya kwanza vya Ukimwi nchini Uganda viligunduliwa mwaka wa 1982. Ugonjwa huo uliwaacha watoto wengi bila wazazi.

Aliporejea kwao, Moolenaar alianzisha shirika la ICCF Holland ili kuchangia kituo hicho. Aidha, aliunganisha mambo mawili ambayo hadi wakati huo hayakuwa na uhusiano. Masharti ya kutumia Vim yakawa haya: itumie, inakili, mpe mwenzako, lakini ukiona inakufaa, wakumbuke watoto wa Kibaale. Michango iliyopatikana ilisaidia kugharimia elimu, chakula na matibabu yao.

Hapa ndipo lilipo jambo la kutafakari. Kitu cha bure aghalabu huchukuliwa kuwa kitu kisicho na deni. Moolenaar alionyesha vinginevyo: deni lipo, ila mdai wake si fundi aliyekitengeneza bali ni mtoto asiyejua hata kompyuta ni nini. Hakuna aliyelazimishwa kulipa, na hakuna ambaye angeshtakiwa kwa kukataa. Lakini kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Si kwamba kazi yake haikuwa na wakosoaji. Mnamo 2014, baadhi ya waundaji programu walijitenga na kuanzisha Neovim, wakitaka mabadiliko ya haraka na uamuzi usiotegemea mtu mmoja. Moolenaar aliendelea na Vim, huku akiwa mwajiriwa wa Google mjini Zurich kuanzia 2006 hadi 2021.

Katika makala aliyoandika mwaka wa 2000, aliwashauri watumiaji watambue kazi wanayoirudia rudia, watafute njia fupi zaidi ya kuifanya, kisha waizoee mpaka iwe desturi. Ushauri huo unamfaa fundi yeyote, awe seremala au karani.

Baada ya kifo chake, wenzake wakiongozwa na Christian Brabandt walichukua usukani. Toleo la 9.1, lililotoka Januari 2024, walilitoa kwa heshima ya kumbukumbu yake. Nalo ombi kwa niaba ya watoto wa Uganda hawakulifuta.